Namna ya Kuchagua Riwaya ya Fantasia: Uliza Kwanza Nani Analipa

Mtu akiniomba nimchagulie riwaya ya fantasia, yaani hadithi yenye mambo ya ajabu yasiyowezekana katika dunia yetu, namuuliza kwanza kitabu cha mwisho alichokimaliza, cha aina yoyote ile, na ni kipande gani cha kitabu hicho alichowasimulia wenzake. Kipande hicho ndicho kinachoniongoza. Aliyesimulia jinsi mtu alivyonaswa na uongo wake mwenyewe hatapenda kitabu kilekile anachokipenda aliyesimulia safari. Na yule aliyebaki na sentensi moja kichwani kwa uzuri wake tu, naye ana kitabu chake.

Jiulize swali hilo wewe mwenyewe kabla hujatoa pesa. Kama hukumbuki kitabu, kumbuka tamthilia ya redioni, hadithi ya bibi, hata kesi uliyoisikia barazani. Jambo linalokufanya umshike mtu mkono na kumwambia "ngoja nikusimulie" ndilo unalolitafuta dukani.

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Wanaoniomba ushauri huu ni makarani wenzangu, madereva wa malori wanaosubiri hati zao zitoke, na watoto wa kaka yangu walioko sekondari. Wengi wao walianzia kwenye filamu. Waliipenda, wakanunua kitabu chake kinene, wakakwama mwanzoni, wakaamini kwamba kusoma si kwao. Jambo hilo linaniuma sana, kwa sababu wengi wa watu hao ni wasimulizi hodari na wana masikio makali ya hadithi. Walichokosa ni mtu wa kuwachagulia pa kuanzia.

Kipimo changu kikubwa ni hiki. Kila riwaya ya fantasia ina ajabu ndani yake: pete, joka, mtu anayeita upepo, paka anayesema. Tafuta ajabu hiyo inamgharimu nani na kiasi gani. Bandarini mzigo hautoki bila hati inayoonyesha ni wa nani na nani analipa ushuru wake, na mimi ajabu isiyolipiwa ushuru siiamini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968. Ni hadithi ya Ged, kijana mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, katika dunia ambayo yote ni visiwa na bahari. Katika sura ya kwanza kabisa wavamizi wanakuja kijijini kwao. Kijana huyo, aliyejifunza maneno machache tu kwa shangazi yake, anaufuma ukungu ukaifunika njia yote, maadui wakapotea na kijiji kikapona. Ungetarajia ngoma na sherehe. Badala yake mtoto anabaki kama gogo, hasemi, hali, halali, kwa sababu ametumia nguvu kuliko aliyokuwa nayo. Hapo hujafika hata ukurasa wa ishirini, na tayari umeshajua sheria ya dunia ile. Baadaye, katika shule ya kisiwa cha Roke, walimu wanamfundisha kwamba mvua ukiiita hapa huenda ukawaachia ukame watu wa kisiwa kingine. Anapofanya jambo kubwa kwa kiburi tu, ili kumwonyesha mwenzake kwamba anaweza, mzee mkuu wa shule anakufa akiuziba ufa ambao Ged ameufungua, na Ged mwenyewe anabaki na makovu usoni na kivuli kinachomwinda kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kitabu chenyewe ni chembamba. Utakimaliza katika wiki ya jioni za kawaida, na kina tanga, upepo na mabaharia wa kumtosha mtu yeyote wa pwani.

Sasa kiweke kando ya vitabu vingine, na viko tele, ambamo kijana anagundua kwamba amezaliwa na nguvu, kuna bashiri iliyomtaja tangu zamani, anapewa upanga, anawashinda wote, na mwisho wa kitabu hajapoteza kitu ila marafiki wawili ambao mwandishi hakutupa nafasi ya kuwapenda. Bashiri hasa ndiyo inayonichosha. Ikiwa imeshaandikwa kwamba atashinda, basi uamuzi wake hauna uzito, na mimi nasoma ili nione mtu akiamua. Si kila kitabu chenye bashiri ni kibaya, lakini nikiiona nyuma ya jalada nakuwa mgumu kuutoa mkoba.

Dukani fanya hivi. Usianze na ukurasa wa kwanza, maana huo mwandishi ameung'arisha kwa ajili yako. Fungua katikati, pekua mpaka ukute mahali ambapo mtu anatumia nguvu za ajabu, kisha soma kurasa mbili zinazofuata. Angalia kilichobadilika. Amechoka? Kuna aliyeumia? Kuna aliyemwogopa kuanzia hapo, au aliyemtegemea kupita kiasi? Kama kila mtu yuko kama alivyokuwa, kirudishe kitabu rafuni. Halafu tafuta ukurasa ambapo watu wanakula au wanafanya kazi. Mwandishi anayejua watu wake wanakula nini, nani anapika na nani anaosha vyombo, huwa ameifikiria dunia yake hadi jikoni. Ukikuta ni karamu tu kila mara, nyama na mvinyo bila aliyezipika, hiyo dunia ni pazia.

Kwa wanaosoma kwenye simu, maduka mengi ya vitabu vya kielektroniki hutoa sura za mwanzo bure. Hapo huwezi kupekua katikati, basi soma sampuli yote, kisha yasome maoni ya waliolalamika. Waliosifu watakuambia "kizuri sana" na hutapata kitu. Aliyelalamika husema sababu: mwendo wa polepole, mazungumzo mengi, vita vichache, mwisho wa huzuni. Mara nyingi lalamiko lake ndilo hasa jambo unalolitaka.

Jalada usiliamini. Nitakupa ushahidi kutoka kitabu hichohicho. Le Guin aliandika waziwazi kwamba Ged ana ngozi ya kahawia yenye wekundu, na rafiki yake mkubwa ni mweusi. Weupe katika dunia ile ni wale wavamizi. Kwa miaka mingi wachapishaji walimchora Ged kama kijana wa Kizungu, na filamu ya televisheni ya mwaka 2004 ikampa nafasi hiyo mwigizaji mweupe. Mwandishi alilalamika hadharani, kwa maandishi. Kwa hiyo msomaji wa Tanga au Kilwa aliyekipita kitabu kile rafuni akidhani hakimhusu, alidanganywa na mchoraji, wala si na mwandishi.

Kabla hujanunua juzuu ya kwanza ya mfululizo, ulizia kama mfululizo umekwisha. Hili nalisisitiza kwa sababu vitabu kwetu ni ghali na kuvipata ni kazi. George R. R. Martin alitoa juzuu ya kwanza ya mfululizo wake maarufu, A Song of Ice and Fire, mwaka 1996 na ya tano mwaka 2011, na wasomaji wanaingojea ya sita tangu hapo. Patrick Rothfuss alitoa juzuu mbili za The Kingkiller Chronicle, 2007 na 2011. Ya tatu haijaja. Robert Jordan alifariki mwaka 2007 kabla ya kuumaliza mfululizo wake, The Wheel of Time, na mwandishi mwenzake Brandon Sanderson akaukamilisha kwa kutumia maandishi aliyoyaacha, hadi juzuu ya kumi na nne mwaka 2013. Hawa si waandishi wabaya. Martin ana jicho kali la kuona namna watu wenye madaraka wanavyojidanganya, na kwake kila kosa linalipiwa. Lakini kama ndiyo kwanza unaanza, usijifunge kwenye ndoa ambayo mwenzako hajafika.

The Lord of the Rings ya Tolkien nayo iangalie vizuri. Ilitolewa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, lakini ni riwaya moja iliyokatwa. Ukinunua ya kwanza peke yake utaachwa njiani kabisa. Mwenye hamu ya Tolkien aanze na The Hobbit ya mwaka 1937, ambayo inasimama yenyewe, na ambayo inasomeka vizuri kwa sauti kwa watoto.

Sasa suala la lugha, ambalo naona ndilo linalowaangusha wengi bila wao kujua. Nyingi ya riwaya hizi tunazisoma kwa Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza ni lugha ya tatu. Kipimo changu ni rahisi: soma ukurasa mmoja wa katikati, funga kitabu, kisha jisimulie kwa Kiswahili kilichotokea. Ukiweza kusimulia, hata kama maneno kumi hukuyajua, nunua. Ukishindwa kusimulia ingawa maneno yote unayajua, kiache kwa sasa. Mwandishi huyo anaandika kwa namna ambayo bado haijakufungukia. Nimewaona watu wakikimbilia kamusi kwa kila neno, na kumbe neno lenyewe limebuniwa na mwandishi na halimo katika kamusi yoyote duniani. Neno likikushinda, livuke. Mwandishi anayejali atalirudia mara tatu nne, na matumizi yatakufundisha. Majina nayo yape matamshi yako mwenyewe, yaandike kwenye kipande cha karatasi kinachokaa ndani ya kitabu, pamoja na maneno mawili: nani wa nani. Ramani ya mwanzoni usijisumbue kuikariri. Irudie mtu anapofunga safari.

Kwa wale wenye wasiwasi wa dini, siwapuuzi. Nimekulia katika nyumba ya Kiislamu, na mama yangu alipoona neno la uchawi kwenye jalada aliniuliza kwa ukali ninasoma nini. Nilimsimulia sura ile ya ukungu kwa Kiswahili, jioni, tukichambua mchele. Aliuliza swali moja tu: mtoto yule alipona? Nikamwambia alipona, alikuja mzee mmoja mkimya akamponya, naye hakujisifu. Kuanzia siku ile akawa anadai mwendelezo. Ninachowashauri wazazi ni kwamba wasihukumu kwa jina la kitabu. Fungua mahali ambapo shujaa anapata nguvu juu ya mtu dhaifu kuliko yeye, uone mwandishi anashangilia nini. Katika shule ile ya Roke, mwanafunzi anaonywa asibadilishe hata kokoto moja mpaka ajue ni heri gani na shari gani itafuata. Mzazi gani hapendi mwanawe asikie hivyo? Na kama nyumbani kwenu imeamuliwa kwamba vitabu vya namna hiyo haviingii, heshimuni uamuzi huo; iko fantasia isiyo na mganga wala kafara, kama nitakavyoeleza.

Maana watu husema Kiswahili hakina fantasia, na hapo huwa sinyamazi. Shaaban Robert alizaliwa hapa Tanga, katika kijiji cha Vibambani, mwaka 1909, na aliajiriwa idara ya forodha kuanzia 1926 hadi 1944, karani kama mimi. Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi iliyo angani. Karama anashitakiwa kwa sababu ya kutaka kuwafundisha watu sheria, na anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na manufaa, na nchi yao ikawalipa kwa kuwafunga. Hakuna uganga ndani yake hata chembe. Ajabu ni nchi yenyewe, na wanaoilipia ni wale waliotaka kuifaa. Wengi walikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, wakitafuta dhamira na maudhui. Kisome tena kama hadithi ya safari, utashangaa.

Mwaka uliofuata likatoka Adili na Nduguze, na hiki ndicho ninachowapa wanaotaka majini. Adili anaitawala Janibu, mtawala mwema anayependwa na watu, lakini kila usiku analazimika kuwachapa manyani wawili, na manyani wale ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa kwa uovu waliomtendea. Akiacha kuwachapa, adhabu itamgeukia yeye. Hadithi ina asili katika Alfu Lela Ulela, ila Shaaban Robert ameifanya ya kwake kwa majina na kwa lugha. Sijui katika vitabu vya Kiingereza nilivyovisoma mfano mkali zaidi wa ajabu inayolipiwa: mtu anayetenda ukatili kila usiku, huku anawapenda anaowatesa, kwa sababu ya sheria asiyoweza kuivunja. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wamevichapa upya vitabu vya Shaaban Robert, kwa hiyo havina taabu sana kuvipata.

Ukiwa umezoea hapo, nenda kwa Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, ya mwaka 2001, ambamo babu anatoka kaburini kumjia mjukuu wake aliyeshiba madaraka. Wale wenye subira ndio ninaowapa Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, na Mzingile iliyofuata. Vyembamba vyote viwili, na visikudanganye kwa wembamba wao. Havikupi njia, unaitafuta mwenyewe. Msomaji wa kwanza simpi hata akiniomba. Ziraili na Zirani ya William Mkufya, ya 1999, inakwenda mpaka ahera, na mwenye moyo mwepesi katika mambo ya imani ajue hilo kabla hajaifungua.

Kwa mtu wa pwani anayesoma Kiingereza, kuna kitabu ambacho ningekitia mkononi mwake hata asiponiuliza. The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mzaliwa wa Mombasa, kilitoka mwaka 2021. Baba mvuvi hakurudi kutoka baharini, na binti yake Aisha anakwenda kumtafuta kwa chombo cha mifupa, akiongozana na paka mwenye elimu. Huko wanakutana na viumbe wa bahari, na kila kimoja kina lake. Kinachonivutia zaidi ni kwamba baada ya safari ile kitabu hakikomi. Kinarudi Mombasa, kwa bibi, kwa majirani, kwa posa na mazungumzo ya nani ataolewa na nani, na hapo ndipo unapoona safari imemgharimu nini Aisha, maana hawezi tena kukaa kama msichana aliyeondoka. Wapo wanaolalamika kwamba nusu ile ya pili ni ya polepole. Mimi naona ndiyo moyo wa kitabu. Mwaka 2022 kilipewa tuzo ya riwaya inayobeba jina la Ursula K. Le Guin, na ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kutolewa.

Anayetaka kitu kizito zaidi, na ambaye ameshasoma vichache, ajaribu The Fifth Season ya N. K. Jemisin, ya 2015. Ni ya kwanza katika juzuu tatu, na zote zimekwisha, zote tatu zikapata Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, kwa miaka mitatu mfululizo. Watu fulani ndani yake wanaweza kutuliza au kuamsha tetemeko la ardhi, lakini nguvu wanazotumia zinavuta joto la vitu vilivyo karibu, na aliye jirani anaweza kuganda akafa. Kwa hiyo jamii inawaogopa, inawatumia na kuwafunga. Naonya mapema: kitabu kinaanza na mama aliyekuta mtoto wake ameuawa, na sehemu moja inamwita msomaji "wewe" tangu mwanzo. Mfiwa wa karibuni nisingempa. Mwishoni kuna orodha ya maneno yaliyobuniwa pamoja na maana zake. Itumie bila aibu.

Kuacha kitabu katikati ni halali. Ukifika theluthi na bado humjali mtu yeyote humo, mpe mwingine. Pengine yeye ndiye mwenyewe.

Vya mtumba vinapatikana kwa bei nafuu kwa wauzaji wa barabarani, hasa Dar na Mombasa, lakini hakikisha kurasa za mwisho zipo na usome namba ya juzuu kwenye uti wa kitabu, maana huko juzuu ya pili na ya tatu huuzwa zimetenganishwa na ya kwanza. Maktaba ya mkoa nayo usiidharau. Mwombe mkutubi akuonyeshe vitabu vilivyotolewa kama msaada, ndimo vingi vya fantasia huwa vimejificha kati ya vitabu vya watoto.

Na ukimaliza kile cha kwanza cha Earthsea, fuata utaratibu wa kuchapishwa: The Tombs of Atuan ya 1971, ambacho kinamwacha Ged na kumfuata binti aliyetwaliwa utotoni awe kuhani wa giza, usikate tamaa kwa kutomwona Ged mapema, atakuja, kisha The Farthest Shore ya 1972. Baada ya hapo Le Guin alikaa miaka kumi na minane kabla ya kuandika Tehanu. Kitabu hicho ni cha mtu mzima. Kina mtoto aliyeunguzwa na watu wake mwenyewe, na mjane anayemlea, na kinauliza waziwazi nani alikuwa anafua na kupika wakati wanaume wenye nguvu wanazunguka baharini. Watoto wa kaka yangu wameshamaliza vile vitatu na wananidai cha nne kila wakija. Nimewaambia wasubiri mpaka wamalize kidato cha nne.